Ukuta Nyuma ya Bega Lako

Solange,

Mama yako ameshakuambia habari za paspoti, za blanketi, za kutokula chakula cha mtu usiyemjua ndani ya basi. Mimi sirudii. Ameyasema vizuri, tena mara tatu. Mimi nakuandikia kwa sababu nimekasirika. Hasira yangu ina siku kumi na moja sasa, na kesho saa nne asubuhi unapanda basi la Tanzania. Nikikuambia kwa mdomo utanipa kisogo nibaki naongea na nywele zako, kama ulivyofanya mara ya mwisho. Karatasi utaisoma, maana nakujua, huwezi kuacha kitu kilichoandikwa bila kukisoma.

Umekwenda kanisani kuagwa na wenzako wa kwaya. Hapa kibarazani namsikia jirani anatwanga majani ya sombe, na mama yako yuko ndani anakunja nguo ambazo alikwisha kuzikunja. Nina kama saa mbili kabla hujarudi. Usitegemee barua nzuri.

Nianze na kosa lako, kwa sababu langu ni refu zaidi.

Unaijua Jumamosi ile, lakini acha niiandike kama nilivyoiona mimi niliyekuwa nimesimama pale. Patroni alikuwa chini ya mikono yangu. Mtu mzima, mwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, anayeteremka kutoka mtaa wa matajiri wa Kiriri kila Jumamosi kuja kujifunza gofu kwangu, na mimi ni monita wa uwanja ule tangu wewe hujaanza shule. Miaka sita amekuwa mwanafunzi wangu. Miaka sita mpira wake umekuwa ukianza katikati na kuishia kulia, kule kwenye majani marefu wanakopita viboko. Na miaka sita nimekuwa nikimwambia alenge kushoto zaidi.

Siku ile akapiga, mpira ukaenda kulia, nikamwambia neno langu la siku zote, kwamba ameinua kichwa. Wewe ulikuwa unapita na kikapu cha mipira. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yako, kuokota mipira na kuwasaidia watoto wa siku ya kwanza. Ukakiweka kikapu chini.

"Patroni, apana, si kichwa," ulisema. "Ni mikono. Ile fimbo unaishika kama mutu anasonga bugali. Papa anajua. Anaogopa tu kukuambia."

Wale waliokuwa wanakula kwenye meza za klabu wakaacha brosheti zao za nyama. Patroni akanitazama. Na mimi, baba yako, mtu wa miaka hamsini na minne, nikacheka. Sikujua la kufanya, nikacheka kama mtu aliyemwagiwa maji sokoni. Wewe ukamshika vidole, kimoja kimoja, ukavitoa kwenye kiganja na kuvipanga upya juu ya fimbo, na yeye akakuachia mikono yake.

Wiki mbili akapiga vibaya kuliko mtu wa siku ya kwanza. Nikafurahi. Naandika hivyo hivyo, nilifurahi, nilimwambia mama yako kwamba sasa utajua kazi ya watu haichezewi. Wiki ya tatu mpira ukaondoka mikononi mwake ukaenda moja kwa moja, ukapita dimbwi, ukatua mahali ambapo hajawahi kufika isipokuwa kwa miguu. Akanigeukia.

"Monita, myaka sita?"

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningemchukia nikapumzika.

Yaliyofuata unayajua. Akamwandikia rafiki yake wa Arusha, mwalimu wa uwanja mkubwa kule, na jibu likaja: uende wakuone wiki tatu, waitazame swingi yako, unavyoizungusha fimbo, wakiridhika wakubakize uwe msaidizi na ujifunze ualimu wenyewe, wasiporidhika upande basi urudi kwa mama yako. Tangu jibu hilo lije, siku kumi na moja sasa, hatujasemezana. Wanafunzi wangu wawili wameniambia siku hizi wana shughuli nyingi. Wa tatu hakuniambia kitu, aliniuliza tu wewe unafika saa ngapi.

Sasa kaa chini nikuambie huyo mwoga unayemsema alitoka wapi.

Nilivuka kutoka Uvira nikiwa na miaka ishirini, na kazi ya kwanza niliyoipata Bujumbura ilikuwa kubeba mifuko ya fimbo za wakubwa. Hakuna aliyenifundisha gofu. Nilijifunza kwa kutembea nyuma ya watu. Ukitembea nyuma ya mtu kwa miezi unamjua kuliko mke wake: unajua atapiga vibaya kabla hajapiga, kwa namna anavyoyaweka mabega. Nilikuwa na jicho, Solange. Jicho hilo unalojivunia hukulipata kwa Patroni.

Basi mkubwa mmoja wa ofisi aliniuliza siku moja, mbele ya wenzake, "We unaonaje?" Nilikuwa kijana na nilidhani swali ni swali. Nikamwambia kwamba anayumba kama mtu aliyesimama ndani ya mtumbwi, kwamba uzito wake unakwenda kulia na haurudi, na ndiyo maana anapiga udongo. Wenzake walicheka. Kesho yake niliambiwa getini kwamba kazi yangu imekwisha. Mwaka mzima nilibeba saruji bandarini, nikiipakia kwenye meli za Kigoma. Jioni nilikuwa nakohoa vumbi jeupe. Bega hili la kulia ambalo unaniona nalikanda kila asubuhi, lilianzia pale.

Waliponichukua tena nilikuwa nimekwisha jifunza. Mkubwa akipiga vizuri, unasema *bien joué, patron*, umecheza vizuri, mkubwa. Akipiga vibaya, unasema upepo. Akipiga vibaya sana, unasema ameinua kichwa.

Nitakufundisha siri ya neno hilo, maana unakwenda kuwa mwalimu na lazima ulijue ili usilitumie. Mchezaji wa ridhaa haji kwako kujifunza kupiga. Anakuja kusikia kwamba alikuwa karibu. Wiki nzima amekaa ofisini, Jumamosi anakaba fimbo kama anakaba kuku, anavuta pumzi, na anapiga mpira kwa hasira zote alizozibana tangu Jumatatu. Kosa liko mikononi mwake kabla hata hajasogea, na wewe unaliona. Lakini kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba mikono yake ni mibaya ni kumwambia aanze upya, apige vibaya mwezi mzima huku wenzake wanamtazama. Atamchukia nani? Kwa hiyo unamwambia ameinua kichwa. Ni uongo mzuri kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kukiona kichwa chake mwenyewe. Anakubali, anafurahi, anarudi wiki ijayo.

Halafu unaanza kumtia viraka. Mpira unakwenda kulia, mwambie alenge kushoto. Akilenga kushoto anapoteza nguvu, mwambie arudishe mguu mmoja. Mguu ukirudi mgongo unamuuma, mwambie ainame kidogo. Baada ya miaka sita huna tena mchezaji, una suruali ya viraka inayotembea. Patroni alikuwa suruali yangu. Nilijua kila kiraka, niliviweka kwa mkono wangu.

Ulikuwa sahihi. Nimeliandika, lisome mara moja uendelee.

Lakini usahihi wako ulikuwa wa kikatili. Tunalala nyumba moja, Solange. Tunakula kwenye meza moja. Ulikuwa na usiku na asubuhi ngapi za kuniambia, "Papa, mikono ya Patroni, kwa nini?" Ukachagua Jumamosi mchana mbele ya meza zote. Mkuki kwa nguruwe mtamu, mama, na siku ile mimi ndiye niliyekuwa nguruwe. Utakuwa mwalimu na utakuwa na jicho langu, na utaona makosa ya watu waliokuzidi umri, waliokuzidi cheo. Mwambie mtu kosa lake akiwa peke yake. Mtu akiwa peke yake anasikia. Akiwa mbele za watu anajilinda tu. Hilo nakudai unielewe, na kama huwezi kunielewa leo, subiri siku mtoto wako akufanyie.

Sasa langu.

Ulikuwa na miaka tisa ulipoanza kuiba fimbo yangu. Namba saba, kuukuu, mkubwa mmoja alikuwa ameitupa. Nikakuta unaikokota uani, ndefu kuliko wewe. Nikaikata kwa msumeno, nikaifunga mpira wa tairi ya baiskeli sehemu ya kushika, nikakupa. Hapa hapa Ngagara, kati ya jiko la nje na senyenge ya jirani, wakati ule ua ulikuwa wazi. Ulipiga vizibo vya soda. Halafu ukapiga mipira ya mifuko ya plastiki uliyoifunga mwenyewe kwa kamba.

Sikukufundisha kitu. Nilikaa kwenye kigoda nikatazama. Uligeuka mwili mzima mpaka mgongo wako ukaangalia kule unakotaka kupiga, kisigino cha kushoto kikanyanyuka chenyewe, ukakaa hapo juu kidogo kama mtu aliyesahau alichotaka kufanya, halafu ukarudi. Umewahi kumwona mama yako akimwaga beseni la maji machafu uani, lile la kufulia, anavyojizungusha kwanza? Ndivyo ulivyopiga. Nilikuwa nimetazama wakubwa kwa miaka ishirini na sikuwahi kuona kitu cha namna hiyo. Majirani walikuwa wanakuja kusimama kwenye senyenge. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia, na sijawahi kumwambia mtu.

Miaka miwili baadaye baba mdogo wako akavuka kutoka Uvira na mke na watoto wanne, wakikimbia risasi. Hakukuwa na pa kuwaweka. Nikajenga anekse, chumba cha uani. Ulisaidia kubeba matofali, unakumbuka. Sijutii chumba kile, ndugu yangu alihitaji paa na angefanya hivyo kwa ajili yangu. Lakini ukuta wake ulikuja mpaka hatua moja na nusu nyuma ya pale ulipokuwa unasimama.

Siku ya kwanza baada ya ukuta kukauka ulitoka na fimbo yako, ukageuka kama ulivyozoea, na fimbo ikagonga tofali. Mkono ukateguka. Ulikaa chini ukashika kifundo cha mkono ukalia, na mimi nikatoka, nikautazama ukuta, nikakutazama wewe, nikasema neno moja.

"Punguza."

Ukapunguza. Ulikuwa mtoto mtiifu, hilo lilikuwa kabla hujawa hivi ulivyo. Ndani ya mwezi mmoja ulikuwa unaipandisha fimbo mpaka kwenye bega, basi, unasimama, unashuka haraka. Hukugonga ukuta tena. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Nilikukunja ungali mbichi, na nilikukunja kwa kipimo cha anekse.

Utauliza kwa nini sikukupeleka mahali pengine. Uliza. Kila Jumatatu uwanja umefungwa kwa wakubwa na unakuwa wa wafanyakazi, wanacheza wenyewe, wanakuja na watoto wao, hakuna anayewakataza. Ningeweza kukupeleka kila Jumatatu ya Mungu, ukageuka mpaka utosheke. Sikukupeleka. Mama yako nilimwambia ni kwa sababu ya shule. Ukweli ni kwamba wafanyakazi wale wote walijifunza kama nilivyojifunza mimi, kwa kutembea nyuma ya watu, na wote wana jicho. Niliogopa mmoja wao angekuona, akakuita pembeni, akakurekebisha. Nilitaka uwe wangu peke yangu. Nilitaka siku ukipiga vizuri watu waseme, huyo ni wa monita, hakuguswa na mwingine. Kwa hiyo ulibaki uani na ukuta wako miaka minne.

Ulipofika uwanjani una miaka kumi na mitano, ulisimama katikati ya nyasi, kushoto hakuna kitu, kulia hakuna kitu, nyuma yako kuna ziwa. Ukapandisha fimbo mpaka begani ukasimama. Uliuleta ukuta pamoja nawe. Niliuona siku ile ile, pigo la kwanza. Wakubwa wakacheka, kicheko kizuri, wakaiita swingi ya Ngagara. Wakaniuliza kama ni mbinu. Na mimi nikavimba, nikasema ndiyo, ni mbinu, ni siri ya monita. Mtu akisifiwa kosa lake hulivalisha suti.

Na kwa fimbo fupi haikudhuru, ilikuwa inanyooka. Ndiyo maana kila mtu alikubali. Lakini fimbo ndefu, mchana upepo wa ziwa ukianza, unajua mwenyewe kinachotokea. Mwili wako haujamaliza kugeuka na mikono imeshaanza kushuka, inawahi, na mpira unaondoka chini na kukimbilia kushoto. Miaka sita umeniuliza kwa nini. Nilikujibu nini? Nilikuambia ni nguvu. Nilikuambia utakua, mikono itakomaa. Ukaanza kubeba bidoni za maji mbili mbili kutoka bombani, ambazo hata mama yako hakukutuma. Ukaanza kupiga pushapu nyuma ya mlango. Nakusikia kila asubuhi ukizihesabu. Huna upungufu wa nguvu, Solange. Hukuwahi kuwa nao.

Ulisimama mbele ya watu ukasema nimemficha Patroni kosa lake miaka sita. Hukujua kwamba nimekuficha na wewe miaka hiyo hiyo. Na Patroni ni mtu wa pembeni. Wewe nilikuona ulivyopiga ukiwa na miaka tisa.

Kuna jingine baya zaidi. Nilikuwa nimeamua nisikuambie.

Siku hizi kumi na moja zote nilikuwa najua kitakachotokea Arusha. Watakupa fimbo fupi, watakupenda. Siku ya pili watakupa ndefu. Yule mwalimu hatahitaji zaidi ya mipira mitatu, atauona ukuta, na hatajua umetoka wapi, atadhani wewe ndivyo ulivyo. Katika wiki tatu huwezi kuubomoa ukuta wa miaka kumi usioujua. Wangekurudisha. Na mimi nilitaka wakurudishe. Nililala nikiona basi linakushusha, unaingia getini na begi lako, na mimi nimekaa hapa kibarazani, nakukaribisha chai. Nilitaka ujifunze jinsi inavyouma mtu mwingine kukuambia mbele za watu kwamba hujui. Nilitaka hivyo mimi, baba yako, na nilikuwa naomba kabla ya kula kama kawaida.

Leo asubuhi kabla ya misa ulikuja kwangu. Mara ya kwanza tangu jibu la Arusha lije. Ulikuwa umevaa gauni lako la kwaya na umeshika mti wa fagio.

"Papa, uniangalie mara moja tu," ulisema. "Kuna kitu mi sikioni."

Nikakuambia, "Muulize Patroni wako."

Sikukutazama, nilikuwa nafunga kamba za viatu, kamba ambazo zilikuwa zimeshafungwa. Ukaondoka. Nilipoinuka nikaenda dirishani nikasogeza pazia. Ulikuwa umesimama kule getini, mbali kabisa na anekse, una nafasi kuliko mtu mwenye shamba. Ukapandisha ule mti wa fagio na ukasimama pale pale, begani. Ukajaribu tena. Ukageuza kichwa ukatazama nyuma yako, kuona ni nini, na hakukuwa na kitu.

Sijawahi kujichukia hivyo. Wewe bado nimekukasirikia, usichanganye mambo hayo mawili. Lakini mtu anayetafuta ukuta ambao mimi ndiye niliyeujenga, siwezi kumtazama kutoka nyuma ya pazia nikaenda misa nikaimba. Ndiyo maana hukuniona kanisani.

Basi sikiliza. Usiguse mpira kwanza. Chukua bidoni ya lita tano, itie maji nusu, ishike kwa mikono miwili, na ugeuke nayo kama mama yako na beseni lake. Geuka mpaka mgongo wako uangalie unakopeleka. Kisigino cha kushoto kikitaka kunyanyuka, kiache, kilikuwa kinanyanyuka ulipokuwa na miaka tisa na hakuna aliyekifundisha. Ukifika juu, maji yatagonga upande mmoja wa bidoni, halafu yatatulia. Usianze kurudi kabla hayajatulia. Utaona ni muda mrefu sana. Si mrefu, ni ule muda niliokunyang'anya.

Utapiga vibaya. Labda wiki nzima, labda mbili, na kule wanahesabu siku. Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla hawajakupa fimbo yoyote, mwambie yule mwalimu: nina kosa, liko hapa, linatokana na hiki, naanza kulirekebisha leo. Litaje wewe kabla hajaliona. Mimi nimejifunza hilo kwa gharama ya saruji na ya miaka thelathini ya kuchekelea watu. Kosa unalolitaja mwenyewe unaweza kulifanyia kazi. Kosa unalolificha unalilinda kama mali, mwishowe unamkatalia mtoto wako mlangoni ukijifanya unafunga viatu.

Na siku ukiwa mwalimu, akija mtu wa kwanza, mtazame mikono. Usimwambie ameinua kichwa. Mtu mmoja katika ukoo huu ametosha.

Mama yako ananiuliza kutoka ndani naandika nini kirefu hivyo. Nimemwambia ni mambo ya gofu.

Ile alama uliyoiacha kwenye tofali ukiwa na miaka kumi na moja bado ipo. Ukuta nimeupaka chokaa mara mbili tangu baba mdogo wako ahamie kwake, na mara zote mbili brashi ilizunguka pale, sikupaka. Mama yako anadhani ni uvivu. Humo ndani siku hizi anaweka makaa na maharage, kwa hiyo usianze kufikiria kwamba nitaubomoa kwa ajili yako. Sitaubomoa.

Lakini kesho ni Jumatatu. Basi lako ni saa nne. Uwanja unafunguliwa kwa wafanyakazi saa kumi na mbili asubuhi, na basi la kwanza la hapa Ngagara linatufikisha. Naiweka barua hii juu ya mto wako pamoja na ile namba saba niliyoikata kwa msumeno, ili ujue sikuitupa. Iache nyumbani. Uje na fimbo ndefu. Wafanyakazi wote watakuwepo, na wote wana jicho, na nimewaambia miaka mingi kwamba swingi yako ni siri yangu. Nitaiambia hadhara ile ile ni siri gani. Nitalitaja kosa kwa sauti, nitasema liliingiaje na ni la nani, halafu mtu yeyote kati yao mwenye neno la kukusaidia alitoe, sitamzuia.

Hatutazungumza ndani ya basi. Bado nina hasira, na wewe unayo yako. Uliomba nikuangalie mara moja tu. Amka saa kumi na moja, nitakuwa getini.

Baba yako